Kuona na Kushuhudia

Asafiriye kutoka Buna kwenda Wajir wakati wa adhuhuri huyaona maji mbele yake. Yametanda njiani, yanameremeta, na miti ya mbali yaonekana kama imesimama ndani yake. Akiyakaribia, hurudi nyuma. Akisimama, nayo husimama. Hayo ndiyo mazigazi. Hakuna mchunga ngamia asiyeyajua, wala hakuna hata mmoja ambaye kwa kuyajua ameacha kuyaona.

Neno hili la mwisho lastahili kufikiriwa. Jicho halikukosa kitu. Hewa iliyo karibu na ardhi ya moto huipinda nuru ya mbingu, ikafika jichoni kana kwamba yatoka chini. Ubongo, uliozoea nuru ijayo kwa njia iliyonyoka, hukata shauri kwamba king'aacho hivyo ardhini ni maji. Hukumu hiyo hutolewa kabla mwenye ubongo hajaulizwa.

Kazi hiyo ya ubongo ilichunguzwa kwa zaidi ya miaka 20 na wataalamu wawili, David Hubel, mzaliwa wa Kanada, na Torsten Wiesel wa Uswidi, walioanza kushirikiana huko Marekani mwaka 1958. Walimlaza paka kwa dawa, wakaingiza sindano yenye ncha nyembamba kuliko unywele katika sehemu ya ubongo ipokeayo habari za macho, wakasikiliza kwa kipaza sauti umeme wa chembe moja. Walimwonyesha nukta kwa vipande vya kioo, chembe haikujali. Siku moja, walipokuwa wakiingiza kioo kingine, ukingo wake ulitupa kivuli cha mstari, na chembe ile ikalia mfululizo. Kumbe haikuwa ikingoja nukta, bali mstari uliolala upande fulani. Basi picha tuionayo haiingii kichwani nzima kama mgeni apitaye mlangoni. Huungwa humo ndani, kipande kwa kipande. Mwaka 1981 wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel.

Mazoea nayo yana sehemu yake katika kuunga huko. Mwaka 1961 Mwingereza Colin Turnbull aliandika habari za Kenge, Mbuti aliyekulia katika msitu wa Ituri, Kongo, ambako miti huzuia jicho lisifike mbali. Alipotolewa uwandani akaona nyati walio mbali sana, aliuliza ni wadudu gani wale. Alipoambiwa ni nyati, alicheka, akaona anadanganywa. Kijana wa Buna angemcheka naye. Lakini sijui kijana huyo angeona nini ndani ya Ituri.

Je, mtu aweza kulaumiwa kwa alichokiona? Mimi nasema hawezi, kwa maana hakuona kwa hiari. Hata hivyo, mchunga ngamia hawapeleki wanyama wenye kiu kwenye mazigazi. Huyatazama maji yale, kisha huelekea kisimani. Kati ya kuona na kufuata pana nafasi, japokuwa ni ndogo, na dhima ya mtu imo humo.

Nami nina deni katika jambo hili. Jioni moja, nilipokuwa mwalimu mgeni, mwanafunzi alinijia akasema amemwona mwenzake akitoka ghalani na mfuko wa sukari. Hakuwa mwongo, wala hawakuwa na ugomvi. Nilimwadhibu mshitakiwa usiku ule ule. Baada ya siku mbili mfuko ulipatikana kwa kijana mwingine, wa kimo kile kile na mwenye kikoi cha rangi ile ile. Shahidi alilia kuliko aliyeadhibiwa. "Mwalimu, wallahi nilimwona," alisema, nami nilimsadiki. Giza lilimpa kimo na rangi. Ubongo wake ukaongeza uso.

Yeye alieleza alichokiona. Mimi ndiye sikuuliza alisimama umbali gani, wala kulikuwa na nuru kiasi gani, wala kwa nini alimtazamia yule na si mwingine. Nilikwenda kumwomba radhi kijana niliyemwadhibu. Alinijibu kwa adabu, "Haidhuru, Mwalimu." Lakini muhula ule wote hakuinua mkono tena darasani mwangu.