Je, Imani Hurithiwa?

Soma: 2 Timotheo 1:5, Yohana 1:12, 13, Ezekieli 18:19, 20, 1 Samweli 3:13, 8:1-3

Tarehe 26 Novemba 1827, huko Gorham, katika jimbo la Maine nchini Marekani, Robert na Eunice Harmon walipata mapacha wa kike, Ellen na Elizabeth. Hao ndio waliokuwa vitindamimba katika familia ya watoto wanane. Baba yao alikuwa mtengenezaji wa kofia, na wote wawili, baba na mama, walikuwa Wamethodisti wacha Mungu. Baadaye walihamia Portland. Mwaka 1843 familia iliondolewa katika ushirika wa kanisa lao kwa sababu ya kuamini kwamba kuja kwa Yesu kumekaribia.

Ellen ndiye tunayemfahamu leo kama Ellen G. White. Dada yao Sarah aliolewa na Stephen Belden, na mwana wao Franklin akawa mtunzi mashuhuri wa nyimbo za Waadventista. Lakini Elizabeth, aliyeolewa na Reuben Bangs, hakujiunga na Waadventista Wasabato. Mwaka 1891, mapacha hao wakiwa wamepita umri wa miaka 60, Ellen alikuwa bado anamwandikia ndugu yake, akimsihi ampokee Kristo. Elizabeth alifariki mwaka huo huo. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mungu.

Mapacha hawa walizaliwa siku moja na kulelewa na wazazi wale wale. Kama imani hurithiwa, mbona njia zao ziliachana? Na kama hairithiwi, wazazi wana kazi gani?

Paulo anasema kwamba imani iliyokuwa ndani ya Timotheo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake hao walimwonyesha imani, lakini hawakuweza kuamini kwa niaba yake. Shamba la urithi humfikia hata mtoto asiyelitaka. Imani haiko hivyo. Yohana anafundisha kwamba hatufanyiki wana wa Mungu kwa damu, bali kwa kumpokea Kristo. Ezekieli naye anaonyesha kwamba haki ya baba haihesabiwi kuwa ya mwana, wala uovu wa mwana hauhesabiwi kuwa wa baba.

Hata hivyo, hilo halimwondolei mzazi wajibu. Eli alikemewa kwa kuwa alijua uovu wa wanawe, wala hakuwazuia. Wana wa Samweli nao walipotoka, lakini Biblia haimtwiki Samweli hatia yao. Mzazi ataulizwa habari za uaminifu wake. Uamuzi wa mtoto ni wa mtoto. Kwa hiyo tujihadhari tunapomnong'ona mzee wa kanisa ambaye mwanawe haonekani tena siku ya Sabato. Huenda mzee huyo hulia usiku, wala hahitaji mzigo mwingine.

Ellen mwenyewe aliujua uchungu huo. Kati ya wanawe wanne, Herbert alikufa akiwa mchanga, na Henry akiwa na miaka 16. Edson aliishi, lakini kwa muda alikuwa mbali na Bwana. Mwaka 1893 mama yake, akiwa New Zealand, aliendelea kumwandikia. Mwaka huo Edson, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alimrudia Mungu. Baadaye alijenga mashua iitwayo Morning Star, akaenda kuwafundisha Wamarekani Weusi katika jimbo la Mississippi.

Mwanamke yule yule alimwandikia ndugu yake na mwanawe kwa upendo ule ule. Hakuwa na uwezo wa kuamua nani ataitika. Alichoweza ni kuendelea kuandika na kuomba, na hilo hata sisi tunaliweza.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kosa la Eli na huzuni ya Samweli?

2. Ikiwa ulizaliwa katika familia ya Waadventista, ni lini imani ya wazazi ilifanyika kuwa yako mwenyewe?

3. Darasa lenu linaweza kufanya nini Sabato hii kwa mzazi ambaye mtoto wake ameacha kanisa?