Wajaini, maji na swali la faida

Katika nyumba nyingi za Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini, huko Gujarat na Rajasthan, magharibi mwa India, maji hayanywewi kabla ya kuchujwa. Kitambaa kizito cha pamba hukunjwa mara mbili, hutandazwa juu ya mdomo wa mtungi, kisha maji humiminwa taratibu. Mchujaji mwangalifu haishii hapo. Hukigeuza kitambaa, hukisuuza kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, na yale ya kusuuzia huyarudisha polepole kisimani ili vidudu vilivyonaswa virudi kwao vikiwa hai.

Hiyo ndiyo ahimsa, kutodhuru kiumbe, kiapo cha kwanza katika mafundisho ya Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini aliyeishi yapata miaka 2,500 iliyopita.

Sayansi ilikuja baadaye. Mwaka 2003, mwanasayansi Rita Colwell na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Matlab, Bangladesh. Kaya zilizochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa zilipunguza kipindupindu kwa takriban asilimia 48, kwa kuwa vimelea vyake hujishikiza kwenye vijidudu vya majini vya jamii ya kaa na kamba, na hivyo hunaswa na kitambaa. Vijidudu vya jamii hiyohiyo ndivyo vinavyobeba mnyoo wa Guinea. India ilithibitishwa kuwa huru na mnyoo huo mwaka 2000, na kuchuja maji kwa kitambaa kulikuwa miongoni mwa silaha za nchi hiyo.

Basi wapo wanaosema kwa fahari kwamba wahenga walikuwa madaktari, na dini ilikuwa njia yao ya kufundisha usafi. Msomaji wa pwani ameshaisikia hoja kama hii kila Ramadhani, saumu inapopigiwa debe kwa kupunguza uzito.

Hoja hiyo inaikosea haki ibada. Kuyarudisha kisimani maji ya kusuuzia kitambaa hakumfaidii chochote mnywaji. Tena kunarudisha humo vilevile vinavyobeba maradhi. Lakini kwa Mjaini, kuacha hatua hiyo ni kuiacha ahimsa njiani. Tazama pia Paryushan, msimu wa ibada wa kila mwaka wa Wajaini, ambapo wapo wanaofunga siku 8 mfululizo kwa maji yaliyochemshwa peke yake, na jua likizama hata hayo hawayagusi. Hakuna daktari atakayemwandikia hivyo mgonjwa wa kisukari. Wajaini wa Nairobi na Mombasa wanaoshika funga hiyo wanatafuta kuitakasa roho na kuomba msamaha kwa kila kiumbe.

Afya ikifanywa sababu, ibada itakufa siku litakapopatikana chujio bora zaidi. Faida ya mwili ipokewe kwa shukrani, ila isipewe kazi ya kuithibitisha imani.

Na asiye Mjaini, anayetaka maji salama tu, asitegemee kitambaa peke yake: hakizuii virusi, wala floraidi iliyojaa katika visima vingi vya Rajasthan. Dhidi ya vimelea achuje, kisha achemshe. Floraidi haiondoki kwa moto, hivyo kisima chenye nayo kiachwe.