Bendi Isiyokuwapo

Ndugu msomaji, nakuomba tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, la vijana na kalamu za rangi, lakini mimi limeninyima raha kwa muda.

Huku kwetu Kibamba, kando ya barabara ya Morogoro, wapo vijana wenye mchezo wao. Jioni hukusanyika nyuma ya duka, hukata maboksi ya biskuti vipande vya mraba, kisha hubuni bendi. Si bendi ya kupiga, kwani hakuna kati yao ajuaye hata kushika gitaa. Hubuni jina, mwaka wa kuanzishwa, waimbaji, na mtindo, maana wamesikia kwa wazee kuwa zamani kila bendi ya haja ilikuwa na mtindo wake: NUTA Jazz na Msondo, Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde. Baada ya hapo huchora jalada la santuri ya bendi hiyo. Niliwahi kuonyeshwa la "Kibamba Super Jazz, mtindo wa Chota Maji": mabwana sita wa suruali za bugaluu, na kila mmoja badala ya gitaa amekumbatia dumu la njano. Aliyewahi kupanga foleni ya maji huku kwetu atajua kwa nini nilicheka.

Mwenzetu mmoja, mtu mzima na mwenye heshima, aliyaona majalada hayo akasema: huu ni uongo. Kumpa jina mtu asiyekuwapo, ukampa na mwaka na sifa, kisha ukayaandika hayo yote, kuna tofauti gani na kusema uongo? Swali la muziki wenyewe aliliweka kando, nami naliweka kando, maana lina mlango wake na wajuzi wake. Alikuwa na swali moja tu, na halifai kupuuzwa.

Halifai kupuuzwa kwa kuwa twafundishwa ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania, wala hakusema ila kweli, na alimkemea vikali mwenye kuzua uongo ili awachekeshe watu. Lakini twasoma pia, katika mapokezi ya Abu Daud, habari ya Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake. Kati yao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume akauliza farasi huyo ana nini mgongoni, akajibiwa kuwa ni mbawa. Akastaajabu, farasi na mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha habari za farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Tazama basi, hakumwambia kuwa amezua uongo. Farasi yule hakuwa na pa kumdanganyia mtu: aliyemshika alijua ni kitambaa, na aliyeuliza alijibiwa.

Wala si watoto peke yao. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat 50 na kumweka ndani yake Abu Zaid wa Saruji, mjanja wa maneno azungukaye miji akiwalaghai watu kwa ufasaha. Abu Zaid yule wa kitabuni ni mtu wa kubuni. Hata hivyo mwaka 1237 Yahya al-Wasiti alimchora sura yake na ndevu zake, na michoro hiyo imehifadhiwa Paris hadi leo. Al-Hariri alijua atalaumiwa, kwa hiyo katika utangulizi wake alijitetea kwa mfano wa visa vya wanyama wasemao, ambavyo hakuna aliyevikatalia watu, na kwa hoja ya nia.

Kisa kinachokaribiana zaidi na cha vijana wetu kilitokea Washington, Marekani. Kati ya mwaka 1968 na 1977, kijana aliyejiita Mingering Mike alichora majalada mengi ya santuri zisizokuwapo, akabuni hata kampuni za kuzitoa. Alikuwa ametoroka jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na nadhani mtu aliyejificha ana haja kubwa ya jina la kubuni. Majalada mengine aliyafunga kwa nailoni kama ya dukani, na ndani akatia sahani ya karatasi ngumu aliyoichora mistari. Baadaye alishindwa kulipia ghala alimoweka vitu vyake, vikauzwa, na mwaka 2003 majalada yakaonekana guliyoni. Sasa mengi yamo katika jumba la sanaa la Smithsonian. Napenda jambo moja katika kazi yake. Mwenye kuivuta ile sahani nje, kidole chake chamwambia kweli papo hapo. Ukweli aliuacha ndani ya jalada.

Hadi hapo ningeweza kumjibu mwenzetu nikaenda zangu. Lakini kuna jambo lililotokea, nami nilikuwapo.

Vijana walichora jalada la bendi waliyoipa mji wa Morogoro na mwaka 1963. Safari hii hawakutia madumu wala kichekesho chochote. Waliipaka karatasi chai ya rangi, wakaichakaza pembe, ikawa kama kitu kilichotoka sandukuni. Akapita mzee wetu mmoja mwenye miaka 80 na zaidi, aliyekulia Morogoro na kucheza dansi la Cuban Marimba enzi za Salum Abdallah, kabla mwanamuziki huyo hajafariki mwaka 1965. Wakamwamkia, "Shikamoo babu," wakampa jalada bila ya kuongeza neno.

Mzee akalitazama muda mrefu. "Hawa nawakumbuka," akasema. Akataja ukumbi. Akamtaja mpiga saksafoni mwenye pengo. Akasimulia usiku wa mvua, dansi lilipokwisha, alivyomrudisha dada yake nyumbani kwa miguu, wote wawili chini ya jani moja la mgomba.

Nami nilinyamaza. Hadithi ilikuwa tamu, na nilitaka kusikia mwisho wake.

Kijana mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Mzee akamtazama, kisha akatutazama sote, akaelewa. Akaliweka jalada juu ya benchi taratibu, akachukua bakora yake akaondoka.

Waliobaki wakasema, mbona na mzee kadanganya, tumetoka sare! Hilo nilikataa na nalikataa mpaka sasa. Mwongo ni ajuaye kweli akasema kinyume chake. Mzee alipewa karatasi na watoto aliowaamini, akatafuta kichwani mwake mahali pa kuiweka, na kichwa kikiombwa hivyo hakikosi cha kutoa. Wala hakuwa na pa kuhakikisha. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania na kubaki katika kanda. Santuri zilipotoka zilichapwa Nairobi, na nyingi zilikuwa zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, zikiuzwa katika mfuko wa karatasi mtupu. Bendi za kweli zilipita bila jalada, sisi tukampa mzee jalada bila bendi.

Siku ya pili nilikwenda kumtaka radhi. Alinikaribisha, tukanywa kahawa. Kile kicheko, alisema, amekisamehe.

"Lakini sasa, mwanangu, usiku nalala najiuliza: ile mvua na dada yangu, ilikuwapo? Yeye amekwisha kufa. Nitamwuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Siku zote nilidhani uongo ni kumtilia mtu kitu cha bandia. Sikujua kwamba waweza pia kumtoa cha kweli alichokuwa nacho.

Basi hili ndilo nimwambialo mwenzetu aliyeuliza. Boksi lilikuwa lile lile, na kalamu zile zile. Bendi ya Chota Maji ilikuwa farasi mwenye mbawa. Ile ya Morogoro pia ingeweza kuwa hivyo, hata na pembe zake za chai, lau mzee alipoinua macho kutuuliza tungalimjibu. Macho yake yaliuliza, mimi niliyaona. Uongo haukuwa katika mchoro, ulikuwa katika kunyamaza kwetu, na kwangu zaidi kuliko kwa vijana, kwa kuwa mimi nina mvi. Na kama hayo yaliwezekana uani, mbele ya watu ambao wangeweza kuulizwa, sijui tuseme nini juu ya picha zinazorushwa siku hizi kutoka simu hadi simu, zikifika peke yao pasipo mtu wa kuulizwa.

Vijana sasa huandika nyuma ya kila jalada: "Imebuniwa Kibamba," pamoja na tarehe. Juma lililopita walikwenda kwa mzee na boksi jipya, wakamwomba awaeleze bendi aliyoicheza kweli, wamchoree. Alikataa. Walipokwenda mara ya pili alikubali kutazama tu. Akawaambia bugaluu zile ni za miaka ya 1970, wao wakati wao walivaa suruali nyingine, wafute. Na usiku wa mvua, akasema, wasiuchore.