Wazo la Leo: Lafudhi ya Mzee Ojwang

Hapa Yamumbi, waliokuwa wakitazama kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwa televisheni ya betri ya gari bado wanamtaja mwigizaji wake kama Mzee Ojwang, si kwa jina lake halisi, Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa zaidi ya miaka 30, "sh" ikigeuka "s" mdomoni mwake bila kuteleza, hata wengi wakaapa kwamba kwao ni Nyanza. Mama Kayai, mkewe katika kipindi, akimfokea, yeye hurekebisha tu miwani. Macho yalipomsumbua uzeeni, mashabiki ndio waliochanga pesa za matibabu. Umaarufu haukuwa umemjaza mfuko. Alifariki Julai 2015. Vipindi vile vinachekesha hadi leo, ingawa vingine, tuseme ukweli, vilirefushwa mno.