Wasifu wa Kaka

Usiku wa kuamkia mazishi ya kaka yangu, baba mdogo aliniita kando ya moto walipokaa wanaume, akanipa daftari na kalamu. “Wewe ndiye uliyesoma,” akasema. “Tuandikie wasifu wa marehemu.” Ilikuwa nyumbani kwetu Bugarama, Halmashauri ya Msalala, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu.

Kila aliyewahi kukaa msibani anaujua wasifu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Alianza darasa la kwanza, akamaliza la saba. Aliajiriwa, au alijishughulisha na kilimo, mifugo, uchimbaji. Alifunga ndoa. Ameacha mjane na watoto kadhaa.

Niliandika mwaka wa kuzaliwa, 1984, kisha kalamu ikagoma. Kaka alizaliwa na ulemavu wa akili. Hakusoma, kwa sababu shule tuliyokuwa nayo haikuwa na kitengo cha watoto kama yeye. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipotungwa mwaka 2010 ikatamka haki yao ya elimu, yeye alikuwa na miaka 26. Hakuajiriwa. Hakuoa. Hakuacha mtoto. Kwa mujibu wa wasifu, alizaliwa 1984, akafariki 2019, na katikati hapakuwa na kitu.

Nikajaribu kuijaza ile nafasi. Nikaandika kwamba alichota maji. Kweli alichota, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, na hakuna msiba wa jirani ambao hakufika na ndoo yake. Nikaandika kwamba alisalimia kila mtu, “mwangaluka” asubuhi, “mwadila” jioni, bila kubagua mwenye gari na mwenye jembe. Nilisoma nilichoandika nikaridhika, halafu nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimemtafutia ajira. Nilikuwa nawaambia waombolezaji: msimdharau, alikuwa na faida. Je, asingeweza kubeba ndoo? Wako wasioweza hata kujiinua kitandani. Kama ndoo ndizo zinazompa mtu thamani, basi hao nimewazika kabla hawajafa.

Shangazi alipopita akasema, “Andika tu kwamba alikuwa malaika.” Alisema kwa upendo. Lakini malaika haibi sukari. Kaka aliiba, na ukimkuta alificha mikono nyuma huku mdomo umejaa chembechembe. Alinuna siku nzima akinyimwa kuketi karibu na redio. Siku moja alinipiga teke kwa sababu nilimcheka mbele ya wageni, na nilistahili. Ukimwita malaika unamwondolea makosa yake, na makosa ni mali ya mtu. Aliyemwita zezeta alimshusha chini ya watu, na anayemwita malaika anampandisha juu yao. Wote wawili hawamwachi akae nasi kwenye mkeka.

Sisi wa ukanda wa dhahabu hatuna ugeni na mambo ya vipimo. Mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ilibishana juu ya kilichomo ndani. Kampuni ilikuwa na hesabu yake, kamati ya rais ilikuwa na yake. Mchanga ulikuwa uleule. Ugomvi ulikuwa juu ya kipimo. Hata hivyo, watu si mchanga, na nimeanza kuamini kwamba kosa letu haliko katika kutumia kipimo kibovu. Liko katika kupima.

Wapo wanafalsafa waliopima. Immanuel Kant aliuegemeza utu kwenye uwezo wa kufikiri na kujiamulia. Mmarekani Eva Feder Kittay, ambaye binti yake Sesha ana ulemavu mkubwa wa akili, amepinga fikra za namna hiyo kwa miaka mingi. Anatukumbusha kwamba hakuna binadamu aliyefika hapa bila kulelewa na mtu. Mimi sikuhitaji kwenda mbali. Lugha yetu inasema kipofu, kiziwi, kiwete. Inawapanga pamoja na kiti na kikombe. Lakini hakuna Mswahili anayesema “kipofu kimefika”. Anasema “kipofu amefika”. Jina linamsukuma kwenye vitu, kitenzi kinamrudisha kwa watu, wala hakimuulizi kwanza anaweza nini.

Kama yeye ni mtu, basi alitudai, na wasifu wa kweli ungetaja madeni. Msimu wa kilimo mama alimfunga kifundo cha mguu kwa kipande cha kanga, akamfunga kwenye mwembe. Ardhi ya kwetu ina mashimo yaliyoachwa wazi na wachimbaji, na mama alikuwa na jembe moja na watoto watano. Simhukumu. Lakini mimi nilirudi kutoka shule saa nane, na mama alirudi jua likizama. Kati ya saa hizo ningeweza kumfungua nikae naye. Siku nyingi nilitupa madaftari nikaenda kucheza mpira. Aliniona nikipita. Hakulia, aliinua mkono kunisalimia.

Hilo sikuliandika. Asubuhi nilisoma mistari sita, ya ndoo na ya salamu, watu wakaitikia, tukazika. Sasa naona kwamba tunapowakumbuka watu hawa tunapenda kusema walivyotufundisha upendo, kana kwamba waliletwa duniani kuwa walimu wetu. Kumkumbuka kwa haki ni pamoja na kusema tulivyomtendea.

Na kuna mstari mwingine nilioukosa, ingawa ulikuwa ukisemwa mbele yangu usiku kucha. Kaka alikuwa kifungua mimba. Kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nilipofaulu kwenda sekondari, wanawake wa sokoni walianza kumwita mama kwa jina langu. Nadhani walitaka kumpunguzia aibu. Aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu hakuitika. Walipomgusa bega akawaambia, “Huyo ni wa pili. Mimi nina wa kwanza.”

Hakusoma zaidi ya darasa la nne, na hakuwahi kunieleza alichomaanisha. Ila msibani kila aliyeingia alimpa pole kwa jina lile la zamani, na kila mara aliitika. Nilipofika nyumbani mwezi uliopita, jirani alipiga hodi akiliita. Mama alikuwa jikoni. Akaitika, “Abee,” akatoka.