Je, Udhaifu wa Mwili ni Aibu?

Miongoni mwa maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini, au hawayaulizi kabisa, limo hili: Mtu mzima aliyepasuliwa tezi dume, naye sasa hawezi kuuzuia mkojo wake, je, amepoteza heshima yake? Tena, je, aweza kusimama mbele ya Mola wake katika sala? Wako wazee wanaojijibu wenyewe kwamba heshima imekwisha. Huacha msikiti, huacha harusi na mazishi, hukataa safari ya basi, wakakaa chumbani kwa kuogopa harufu. Yatupasa tulichunguze jibu hilo, maana mtu aweza kupona kidonda cha kisu, kisha akadhoofishwa na upweke.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho huuzunguka mrija wa mkojo. Mkojo huzuiwa na misuli miwili ya mviringo: mmoja uko katika shingo ya kibofu, nao hufanya kazi bila sisi kuuamuru, wa pili uko chini ya tezi, na huo twaweza kuukaza kwa hiari. Tezi inapoondolewa, hasa inapoondolewa yote kwa sababu ya saratani, mlinzi wa kwanza hudhurika, na mzigo wote humwangukia wa pili, ambaye hakuzoea kuubeba peke yake. Ndiyo sababu, mpira wa mkojo ukishatolewa, mkojo huvuja mtu akikohoa, akicheka au akiinuka kitini. Hilo si laana, wala si uzembe.

Sasa tuje kwenye hoja. Aibu ya kweli hufuata tendo la hiari. Mwizi aliiba kwa kutaka, na mwongo alisema uongo huku akiijua kweli. Lakini huyu mgonjwa ameamua nini? Aliyejikata kidole akatokwa na damu hatumcheki. Ikiwa damu ya jeraha haimvunjii mtu heshima, kwa nini mkojo unaotoka kwa sababu ya jeraha umvunjie?

Huenda mtu akapinga akisema kuwa dini ni usafi, na mkojo ni najisi. Ni kweli. Lakini Kurani Tukufu, mwishoni mwa Sura Al-Baqara, yafundisha kwamba wajibu wa nafsi hauzidi uwezo wake. Fatima binti Abi Hubaish alipomwendea Mtume Mtukufu s.a.w. akaeleza kuwa damu yake haikatiki, hakufukuzwa katika sala, bali alielekezwa namna ya kusali. Kwa kuufuata mfano huo, wanachuoni wengi wamesema kuhusu asiyeweza kuzuia mkojo: ajisafishe, avae kitambaa au pedi, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, kisha asali, na kitakachovuja katikati ya sala hakimharibii sala yake. Tena, Bedui mmoja alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina, na watu wakamkemea, Mtume s.a.w. aliwazuia, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Huyo alikojoa kwa hiari yake, naye akatendewa upole. Basi aliyeshindwa na msuli uliojeruhiwa, je, hastahili upole zaidi?

Lakini kusema kwamba mtu hana kosa si kusema kwamba hana wajibu. Katika mwaka 1948 Arnold Kegel, daktari wa Marekani, alieleza mazoezi ya kuikaza misuli ya chini ya nyonga kwa ajili ya wanawake waliodhoofika baada ya kuzaa. Leo wanaume pia hufundishwa mazoezi ya namna hiyo, mara nyingi kabla ya operesheni, nao huyaendeleza mpira ukishatolewa. Mtu huikaza misuli kama azuiaye upepo usitoke, bila kubana pumzi wala kukaza mapaja. Hushikilia kwa sekunde 5 hivi, hulegeza kwa muda uleule, na hurudia mara 10, mara 3 kwa siku. Kwanza akiwa amelala, kisha ameketi, hatimaye amesimama. Hujizoeza pia kukaza kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka. Asiache kunywa maji kwa hofu, kwani mkojo mzito hukichokoza kibofu. Lakini apunguze kahawa na chai kali. Walio wengi hupata nafuu katika miezi kadhaa, pengine mwaka mzima. Asiyepata nafuu asikate tamaa, bali arudi kwa daktari, maana ziko njia nyingine za tiba. Na akipatwa na homa, au mkojo ukizibana kabisa, aende hospitali mara moja.

Ndugu msomaji, tazama funzo lililo hapa. Alipokuwa mzima, mtu huyu hakustahili sifa yoyote kwa kuuzuia mkojo. Alipewa bure, kama tupewavyo sote pumzi. Sasa kila saa anayokaa mkavu ameipata kwa subira na jitihada. Ni yupi basi mwenye kujitawala zaidi, yule wa jana au huyu wa leo? Kwa hiyo asingoje kukauka kabisa ndipo atoke. Na avae pedi yake, achukue nguo ya akiba, aketi karibu na mlango, aende. Moyo wa kujiamini haumjii mtu aliyejifungia chumbani. Humrudia kidogo kidogo njiani.

Nasi tulio wazima tuna sehemu yetu. Sote tulipata kufuliwa nepi, na mama zetu hawakutuhesabia. Tukimwona mzee ameondoka katika safu kwa haraka, tumpishe, na siku ya pili tumwekee nafasi yake palepale. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na sisi atupe macho yenye huruma. Amin.