Nani Aamue Darasani?

Mtoto wa darasa la tatu ameambiwa atoe 27 kwenye 52, akaandika 35. Jirani yake kaandika 79. Wote wamekosa, na kalamu nyekundu ikipita haraka haitawatofautisha. Lakini wa pili amejumlisha tu, hakuitazama alama. Neno moja linamtosha. Wa kwanza ana shida nzito zaidi. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu, kwa sababu kukopa kwenye makumi bado hakujamwingia. Huyo anahitaji kurudishwa kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, pengine kwa siku kadhaa. Na azimio la kazi linasema wiki hii ni kuzidisha.

Hapo mwalimu lazima aamue, na hakuna waraka utakaomwamulia. Watunga mtaala wanawajua watoto wa darasa la tatu kwa ujumla wao. Huyu aliyeandika 35 hawamjui wala hawawezi kumjua. Kwangu mimi, utaalamu wa mwalimu unaanzia hapo: maagizo yote yakishasomwa, bado kuna jambo linalosubiri busara ya mtu aliyesomea kazi, aliyepo mbele ya mtoto, na atakayewajibika kwa alichoamua.

Mageuzi yetu ya elimu Tanzania yamelipita jambo hilo mara nyingi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), na haraka. Ili madarasa yapate walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Nawaheshimu sana walimu hao wa UPE. Watoto wengi walishika kalamu kwa sababu yao. Ila tangu hapo tukazoea kuwahesabu walimu kama tunavyohesabu madawati: wanaopungua ni wangapi, wapelekwe wapi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukageuzwa ujenge umahiri. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa ufaulu. Sasa tuna Sera ya Elimu, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024.

Mtaala wa umahiri unamtaka mwanafunzi ahoji, ajaribu, akosee na ajisahihishe. Atayaona wapi hayo yakitendwa na mtu mzima, kama si kwa mwalimu wake? Tukimfanya mwalimu mpokeaji wa miongozo, anayeogopa kubaki nyuma ya ratiba kuliko anavyoogopa kumwacha mtoto nyuma, tunamwagiza agawe uhuru ambao yeye mwenyewe hajaonjeshwa. Hata mwongozo uwe bora kiasi gani, hauondoi mgongano huo.

Najua pingamizi lililopo, na lina uzito. Wapo walimu wasioingia darasani. Wapo ambao somo lenyewe halijawakaa sawa. Hao nao waachiwe waamue? Mzazi ambaye mtoto wake amefika darasa la tano hajui kusoma ana haki ya kuuliza hivyo kwa hasira. Lakini uhuru wa mtaalamu haujawahi kuwa ruhusa ya kufanya utakalo. Daktari huamua dozi, na madaktari wenzake wana haki ya kumuuliza kwa nini. Sheria iliyounda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018 ina maana kwangu endapo tu itatufikisha huko, walimu waulizane wao kwa wao kuhusu kazi yenyewe: kwa nini ulirudia, kwa nini ulisonga mbele, daftari la mtoto linaonyesha nini. Nikiona usajili na leseni pekee, nitajua tumeongeza karatasi nyingine.

Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini. Ni mistari michache, na mara nyingi hujazwa maneno yaleyale: somo limeeleweka. Mwalimu anaandika hivyo kwa sababu anajua anayekagua anatafuta nini. Ningependa mthibiti ubora wa shule afungue ukurasa huo, akute pameandikwa kwamba watoto kumi na wanne hawajaelewa kukopa na kwamba kuzidisha kumeahirishwa, kisha avute kiti akae na mwalimu huyo, wayaangalie madaftari ya watoto pamoja.